Usijenge banda bado

Swali: "Shikamoo daktari. Niko Njiro, Arusha. Nina paka wawili wa Kiajemi, dume na jike. Niliwanunua pamoja Nairobi kwa mtu mmoja wakiwa wadogo, sasa wana mwaka na nusu. Mwishoni mwa Juni jike alizaa watoto wanne kwenye stoo. Walizaliwa wazima na wakanyonya, lakini siku ya pili mmoja alijitenga akawa analia tu, akafa. Kesho yake akafuata mwingine. Waliobaki wana wiki 11 na wananenepa, ila ukiingia wanakimbilia chini ya kabati, na ukiwashika wanaparura. Baba yao naye hujificha wageni wakija. Watu wananiuliza bei kila siku. Nataka kujenga banda nyuma ya nyumba kama la sungura, niongeze majike matatu, nifuge kitaalamu. Vipimo vya banda viweje? Mama Ivan."

Jibu: Marahaba, Mama Ivan, na pole kwa wale wawili. Vipimo vya banda sitakupa. Mimi mwenyewe nilijenga moja hapa Rau, Moshi, pembeni ya migomba, la mbao na wavu wa kuku na bati juu, nikajiona nimemaliza. Watoto waliozaliwa humo walikuwa na manyoya ya kupendeza, na hakuna hata mmoja aliyekubali kukaa mapajani mwa mtu. Siku hizi natunzia humo magunia ya maranda. Kwenye banda nitarudi, lakini kwanza kuna jambo lisilongoja kesho.

Dume na jike wako ulinunua siku moja, kwa mtu mmoja, wakiwa na umri mmoja. "Pea" ya namna hiyo mara nyingi ni kaka na dada wa tumbo moja. Mpigie aliyekuuzia umwombe vyeti vya ukoo. Cheti halali kina majina ya wazazi, mababu na mabibi, na namba za usajili za chama cha wafugaji paka kinachotambulika, kama CFA au TICA za Marekani, GCCF ya Uingereza au FIFe ya Ulaya, na ukikiandikia chama chenyewe kitakuambia kama namba hiyo ni yake. Karatasi yenye picha ya paka na mhuri wa duka si cheti. Akikuzungusha, chukulia kwamba ni ndugu.

Mtoto wa kaka na dada anapata, kwa wastani, robo ya jeni zake zikiwa nakala mbili za kitu kilekile kilichotoka kwa babu au bibi mmoja. Kasoro iliyojificha kwa sababu nakala ilikuwa moja, sasa imempata mwenzake. Uzao mmoja unaweza kupita salama, nawe ukadhani nakutisha bure. Ukiendelea ndipo unaanza kuona watoto wachache, wadogo, wa kuugua ugua. Wafugaji wa kuku wa kienyeji huko Sanya Juu wanalijua hili bila darasa, ndiyo maana wanabadilishana majogoo.

Haraka yenyewe iko hapa. Paka wa Ulaya hupumzika miezi ya baridi kwa sababu mwili wa jike unasoma urefu wa mchana. Sisi tuko nyuzi 3 na kitu kusini mwa Ikweta, mchana wetu ni saa 12 au karibu na hapo mwaka mzima, kwa hiyo jike wako hana likizo. Asipopandishwa hurudi kwenye joto kila baada ya wiki mbili tatu, na anaweza kuingia kwenye joto hata kabla watoto hawajaacha ziwa. Kama dume bado anazunguka naye sebuleni, huenda ana mimba sasa hivi unaponisoma. Watenganishe leo, kwa mlango wenye komeo, si kwa pazia. Kisha jike apelekwe kwa daktari. Kati ya wiki ya tatu na ya nne mkono uliozoea huhisi mimba kama vishanga vimepangwa tumboni. Baada ya hapo huwa vigumu kuhesabu. Mimba ya paka ni siku 63 hadi 67 hivi.

Sasa wale waliokufa. Nina washukiwa wawili, na kwa namna ulivyoeleza siwezi kumwachia hata mmoja.

Wa kwanza ni baridi. Juni mwishoni, Njiro, stoo ya sakafu ya simenti: usiku hushuka hadi nyuzi 12 au 13. Mtoto wa paka wiki ya kwanza hajui kutetemeka ili ajipashe, na kiota chake kinatakiwa kiwe nyuzi 30 hadi 32. Akisukumwa pembeni na wenzake anapoa, akipoa hanyonyi, na tumbo lililopoa halisagi maziwa hata ukimlazimisha kwa bomba la sindano. Mtu anamkuta mtoto baridi, anamwonea huruma, anamnywesha, anamuua. Mpashe kwanza, polepole, kwa saa nzima ikibidi, kwa chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo, ndipo umrudishe kwenye chuchu.

Mshukiwa wa pili watu wengi hawajamsikia, naye ndiye ninayemshuku zaidi. Paka wana makundi ya damu A, B, na kwa nadra AB. Paka wa kundi B hubeba kinga kali dhidi ya A hata kama hajawahi kuongezewa damu maishani, na kinga hiyo hupita kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza. Mtoto wa A akizaliwa na mama wa B anatoka mzima kabisa, anapiga chuchu kwa nguvu, na kadiri anavyoshiba ndivyo chembe zake nyekundu za damu zinavyopasuliwa. Siku ya kwanza hadi ya tatu anajitenga, analia, mkojo unakuwa wa kahawia kama chai ya rangi, anakufa. Angalia hesabu yako: wanne, wakafa wawili. Dume aliyerithi A kwa mzazi mmoja na B kwa mwingine, A ikaifunika B, akimpanda jike wa B, hutoa A na B nusu kwa nusu. Sisemi imethibitika. Lakini nijibu jambo moja: je, kati ya wawili waliobaki yuko ambaye ncha ya mkia ilikauka ikadondoka alipokuwa na wiki moja au mbili? Yule A aliyenusurika ndivyo anavyoweka sahihi yake.

Waajemi wenye kundi B wapo. Kwa aina nyingine za paka, British Shorthair na Devon Rex, ni wengi zaidi, ilhali paka wa Siamese karibu wote ni A. Kipimo cha kundi la damu ni tone tu la damu, daktari akiwa na vifaa vyake. Akikosa, mwombe achanganye majimaji ya damu ya jike na chembe nyekundu za dume juu ya kioo kidogo, aone kama zinagandamana. Ni njia ya kizamani, lakini inakuepusha na mazishi. Ikionekana haviendani, si lazima uachane na jike. Mtafutie dume wa kundi B. Na kama mimba imeshaingia, uwepo wakati wa kuzaa, na watoto wasinyonye kwa mama saa 24 za mwanzo. Wape maziwa ya unga ya watoto wa paka kila saa mbili, kisha warudishe. Kufikia hapo matumbo yao yamefunga mlango na kinga ya mama haipiti tena. Maziwa ya ng'ombe hapana, yanawaharisha, na kwa umri huo kuhara ni siku moja tu.

Nunua mizani ya jikoni ya kidijitali na daftari. Mtoto wa paka huzaliwa na gramu 90 hadi 110 na anatakiwa kuongeza 10 hadi 15 kila siku. Kwenye daftari langu kuna mstari mmoja wa mwaka juzi unaosomeka 92, 103, 115, 115, 112. Kwa macho alikuwa mtoto mzuri tu, anacheza cheza mdomo kwenye chuchu kama wenzake. Ile 115 ya pili ndiyo iliyonifanya nimgeuze nimwangalie mdomo, nikakuta kaakaa lina ufa. Karatasi iliona kabla yangu.

Kabla hujafikiria uzao mwingine, lipo suala la figo, na kwa Waajemi hili halina mjadala. Kuna ugonjwa wa kurithi ambapo figo hujaa vifuko vya maji vinavyokua taratibu mpaka paka wa miaka saba anakufa kwa figo, wakati huo ameshazalisha watoto wake wote. Jeni lake lilibainishwa mwaka 2004, na tafiti za miaka hiyo katika nchi mbalimbali zilikuta Mwajemi mmoja kati ya watatu hivi analo. Nakala moja inatosha kumuuguza mnyama, na nusu ya watoto wake watarithi. Uzuri wake, kama ni uzuri, ni kwamba halijifichi: mzazi akiwa safi kwa kipimo, hana cha kurithisha. Vipo vijiti vya pamba vya kufutia ndani ya shavu vinavyotumwa kwa posta kwenye maabara ya vinasaba. Ile ya Chuo Kikuu cha California, Davis, hupima figo na kundi la damu kwa kijiti hichohicho. Au altrasaundi kwa daktari aliyezoea, paka akishavuka miezi 10. Umri wa jike wako unafaa. Pima hata kama umeamua kutozalisha tena, maana na watoto wako wawili wanaweza kuwa nalo na mnunuzi ana haki ya kujua.

Wateja watakuomba pia Scottish Fold, yule wa masikio yaliyolala, kwa sababu wamemwona kwenye simu. Usimzalishe. Jeni linalolaza masikio ndilo linaloharibu gegedu za miguu na mkia, na kila mwenye masikio hayo analo. Ukiona mkia wake ni mgumu kama fimbo, ujue na vifundo vinauma.

Nije kwa hao wawili chini ya kabati, maana hapa ndipo swali lako la banda linapojibika.

Mtoto wa paka ana dirisha la kumjua binadamu, na ni fupi: kuanzia wiki ya pili mpaka ya saba. Atakayeshikwa vizuri na watu humo ndani atakuwa paka wa watu. Asiyeshikwa anafunga faili, na faili hilo linasema mtu ni mnyama mkubwa wa kukimbiwa. Wako walilipitisha dirisha hilo stoo, wakimwona mtu anayeleta sahani na kuondoka. Hawana ukorofi wowote, walichojifunza ndicho hicho. Na baba naye yumo. Tafiti za miaka ya 1980 na 1990 zilionyesha kwamba ujasiri wa dume huonekana kwa watoto hata kama hakuwahi kuwaona. Dume anayejificha wageni wakija, hata angekuwa na uso wa bingwa wa maonyesho, mimi simpandishi.

Kwangu kiota kiko jikoni. Ni boksi la televisheni lililolazwa, nimekata mlango mdogo upande mmoja ili mama atoke na watoto wabaki, liko kati ya kabati la vyombo na ukuta wa nyuma wa jiko, ambako kuna ujoto lakini hakuna anayekanyaga. Wiki ya kwanza nawapima uzito tu na kubadilisha kitambaa. Macho yakifunguka, kati ya siku ya 7 na ya 14, kazi inaanza: kila mmoja anashikwa dakika tano, mara sita au saba kwa siku, mama akiwa karibu anaona. Anawekwa kifuani, anaguswa makucha, anafunuliwa masikio, anapanguswa macho kwa pamba, kwa sababu Mwajemi atapanguswa macho maisha yake yote na ni bora azoee sasa. Asishikwe na mtu mmoja tu. Mtoto wa paka aliyezoea dada wa kazi peke yake anampenda dada wa kazi peke yake. Namwita jirani mwenye ndevu, bibi, watoto wawili wa shule (wakae chini kwanza, mikono imefunguka, hakuna kukimbiza), na yule kijana anayeleta mtungi wa gesi, ambaye mara ya mwisho alimweka mtoto mmoja wa paka mfukoni mwa koti akamsahau, nusura aondoke naye kwa bodaboda.

Kelele nazo ni chakula. Mvua kwenye bati, blenda, presha kuka ikipiga mluzi, honi, redio ya mpira. Mwaka huu, wakiwa na wiki tano, presha kuka ilipolia watoto wote watano walilala chali chini ya meza wakigombania kamba ya kiatu, hakuna aliyegeuka. Wale wa banda langu, bati likilia tu, walikuwa wanapanda wavu. Kosa moja la kuepuka: usicheze nao kwa vidole. Kidole kinachochekesha kwa mtoto wa wiki sita kinatoka damu kwa paka wa mwaka mmoja.

Hao wako wa wiki 11 hawajapotea, ila sasa ni kazi ya miezi, si ya siku. Watenganishe kila mmoja chumba chake, si stoo, chumba ambamo mtu anakaa. Chakula kisiachwe muda wote. Kiende na mtu, mara nne kwa siku, kidogo kidogo, naye akae sakafuni asome gazeti lake bila kuwakodolea macho. Kuku wa kuchemsha aliyechambuliwa hufungua mioyo mingi. Usiwavute chini ya kabati kwa mkono, kila ukifanya hivyo unaanza upya. Na anayekuuliza bei mwambie ukweli: ni waoga, wanahitaji nyumba tulivu isiyo na watoto wadogo. Wasiondoke kabla ya wiki 14. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki walioangalia maelfu ya paka mwaka 2017 waliona kwamba waliotenganishwa na mama kabla ya wiki 8 walikuwa wakali zaidi, na waliokaa hadi 14 walikuwa na matatizo machache ya tabia. Wanaouza watoto wa wiki sita pembeni ya soko wanauza tatizo lililofungwa utepe.

Kwa hiyo banda linakunyima kitu ambacho mteja analipia, paka wa watu. Linakuletea na vingine. Majike wanne na watoto wao wakichangia masanduku ya choo hupeana virusi vya korona vya paka, ambavyo kwa wengi ni kuhara kidogo, lakini kwa wachache hugeuka ndani ya mwili na kuua, hasa watoto. Paka watatu kwa chumba, wasizidi wanne, masanduku ya choo yawe idadi ya paka na moja la ziada, maranda yatolewe kila siku. Kila siku pia kwa sababu yako wewe: vijidudu vya toksoplazima, vinavyoweza kudhuru mimba ya mtu, huchukua siku moja hadi tano kwenye kinyesi kabla ya kuambukiza, na kama kuna mjamzito nyumbani, kazi hiyo si yake. Halafu kuna choa. Kwa manyoya marefu ya Kiajemi kinajificha vizuri sana, mpaka mtoto wa mnunuzi anapotoka mapunye ndipo simu yako inaita.

Viroboto vikiingia, usiguse dawa ya kuogeshea ng'ombe wala ya mbwa. Permethrini na jamaa zake, ambazo ng'ombe anazibeba bila shida, zinamuua paka kwa degedege. Nimepokea mezani paka wengi waliooga dawa ya josho kuliko waliogongwa na gari. Panadol pia hapana, hata kipande.

Chanjo: ya tumbo na mafua ya paka ianze wiki ya 6 hadi 8, irudiwe kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16, ya kichaa cha mbwa wakiwa na wiki 12. Wako wanafika hapo karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, uliza ofisi ya mifugo ya kata yako kama wana zoezi la chanjo.

Chakula nitasema kidogo tu, kwa sababu kosa ni moja. Ugali na dagaa unamshibisha paka bila kumlisha. Anahitaji taurini, ambayo iko kwenye nyama, moyo hasa, na akiikosa muda mrefu moyo wake unatanuka na macho yanakufa. Ukichemsha nyama usimwage supu, taurini imehamia huko. Maini mara moja kwa wiki, si kila siku. Jike mwenye mimba na anayenyonyesha ale chakula cha watoto wa paka.

Ukitaka kuendelea, na naona unataka, anza na jike mmoja, si wanne. Azae mara moja kwa mwaka. Dume usifuge, atakupulizia mkojo kila pazia la nyumba; tafuta mwenye dume aliyepimwa figo, damu, na virusi viwili vya paka, FIV (cha kuua kinga) na FeLV (cha saratani ya damu), mpeleke jike kwake akiwa kwenye joto, akae siku mbili tatu. Yai la paka halishuki mpaka apandwe, mara nyingi si mara moja, kwa hiyo ziara ya nusu saa ni nauli iliyopotea. Akirudi mfungie ndani kwa wiki nzima. Bado yuko kwenye joto, na paka shume mmoja wa mtaani akiruka ukuta utapata uzao mmoja wenye baba wawili. Na siku ya kuzaa, kumbuka vichwa vya Waajemi ni vikubwa: akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, usingoje kupambazuke.

Dume wako mpeleke ahasiwe wiki hii. Ila hata akirudi, komeo libaki mlangoni wiki sita, kwa sababu mbegu zilizokuwa njiani bado zipo. Jike akikutwa na mimba, niandikie siku daktari aliyompapasa, tuhesabu pamoja siku ya kuzaa na kutafuta maziwa ya unga mapema. Arusha si kila duka la dawa za mifugo linayo.